Seva ya nyumbani inapogoma kugawa anwani za IP

MWENYE nyumba anayeona kompyuta yake imejipa anwani inayoanza na 169.254 hana haja ya kukimbilia simu na kuilalamikia kampuni inayomuuzia intaneti. Namba hiyo ina maana moja: kompyuta imeomba anwani, imesubiri, na hakuna aliyeijibu. Hitilafu imo ndani ya nyumba, mahali fulani kati ya kompyuta hiyo na seva inayogawa anwani.

Utaratibu wa mashine kujipa namba za aina hiyo uliingia katika kompyuta za Windows tangu toleo la Windows 98, na kanuni zake rasmi zikachapishwa Mei 2005. Kompyuta mbili zenye namba hizo zaweza kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe, lakini haziwezi kutoka nje ya nyumba. Simu nyingi za Android hazionyeshi namba hiyo. Huzunguka kwa muda zikieleza kwamba zinatafuta anwani ya IP, kisha huuacha mtandao huo.

Kinachofuata mara nyingi ndicho kinachogeuza hitilafu ndogo kuwa hasara. Mtu huchukua pini, akabonyeza kitufe kilichofichwa nyuma ya ruta, akiamini kwamba anaiwasha upya. Kumbe kitufe hicho huirudisha ruta katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Hufutika jina na nywila ya Wi-Fi, hufutika anwani zilizotengwa kwa ajili ya printa na kamera, na kwa wateja waliopewa na kampuni jina na nywila za kuingilia, hizo nazo hupotea.

Hapo ndipo intaneti, ambayo ilikuwa nzima, inapokatika kweli. Mwanafunzi aliyekuwa akijaza maombi ya chuo usiku wa siku ya mwisho sasa anasubiri fundi wa kampuni apatikane kesho, na fundi huyo atarudisha kile ambacho hakikuwa kimeharibika. Hitilafu ya mwanzo itakuwa bado ipo.

Kazi ya kugawa anwani hufanywa kwa mkataba wa mawasiliano unaojulikana kwa herufi nne, DHCP. Ulichapishwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1993, ukijengwa juu ya mkataba wa zamani zaidi wa mwaka 1985 uitwao BOOTP. Waraka unaouongoza hadi leo, kwa anwani za IP za toleo la nne, ulitoka Machi 1997 na uliandikwa na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell nchini Marekani. Bila mkataba huo, kila mashine ingelazimika kuandikiwa namba kwa mkono, na mtu kutunza daftari ili namba moja isipewe mashine mbili.

Katika nyumba nyingi mgawaji ni ruta iliyoletwa na kampuni ya intaneti. Wapo hata hivyo wanaoihamishia kazi hiyo kwenye kompyuta kuukuu iliyowekewa Linux, au kwenye kijikompyuta cha Raspberry Pi kilichoanza kuuzwa Februari 2012, ambacho wakati huo huo hutunza filamu, picha na masomo ya watoto. Wengine huweka Pi-hole, programu iliyoanza mwaka 2015 kwa lengo la kuzuia matangazo, ambayo pia inaweza kugawa anwani. Hao ndio hasa hukutana na tatizo hili, kwa kuwa wamejitwisha kazi ambayo ruta ilikuwa ikiifanya kimya kimya.

Maneno manne

Mazungumzo kati ya mashine na seva yana hatua nne. Mashine isiyo na anwani haijui seva iko wapi, hivyo hupiga mbiu kwa kila aliyemo katika mtandao. Seva iliyoisikia hutoa ahadi ya namba. Mashine hujibu kwamba inaiomba namba hiyo, na seva huithibitisha. Katika kumbukumbu za seva hatua hizo huandikwa DHCPDISCOVER, DHCPOFFER, DHCPREQUEST na DHCPACK. Seva husikiliza katika mlango namba 67, mashine inayoomba katika mlango namba 68.

Utafutaji wote wa hitilafu ni kujua ni lipi kati ya maneno hayo manne halikusemwa, au lilisemwa na halikusikika. Fundi anayelijua jambo hili humaliza kazi kwa robo saa. Asiyelijua hubadilisha waya, akabadilisha ruta, akaiweka upya Windows, na mwisho akatoza fedha kwa yote matatu.

Namba inayotolewa haiwi mali ya mashine. Huazimwa kwa muda. Muda huo ukifika nusu, mashine hurudi kwa seva ile ile kuomba kuongezewa. Isipojibiwa huendelea kutumia namba yake na kujaribu tena, na zikipita asilimia 87.5 za muda huo hupiga mbiu kwa seva yoyote itakayoisikia. Muda ukiisha kabisa, hulazimika kuiachia.

Ndiyo sababu seva inapokufa nyumba haizimiki yote kwa pamoja. Seva iliyowekewa muda wa saa 24 inaweza kufa asubuhi na baba wa nyumba asijue hadi usiku, kwa kuwa kompyuta yake bado inakula mkopo wa jana. Wa kwanza kukwama ni mgeni aliyeingia na simu mpya, au aliyezima kompyuta yake na kuiwasha. Wenyeji humwambia kwamba simu yake ndiyo mbovu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama tatizo ni la mashine moja au la kila mashine inayowashwa upya. Likiwa la moja, seva iachwe. Likiwa la zote, ifanyike jaribio moja rahisi: kompyuta mojawapo iandikiwe anwani kwa mkono. Kama seva ni 192.168.1.2, kompyuta yaweza kupewa 192.168.1.50, mradi namba hiyo haitumiwi na mwingine, pamoja na 255.255.255.0 kama namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao. Kisha iandikwe amri ya ping 192.168.1.2.

Seva ikijibu, waya, swichi na Wi-Fi ni vizima, na kosa limo katika programu ya kugawa anwani. Isipojibu, yafaa kwanza kuangalia waya na taa za swichi kabla ya kugusa faili lolote, ingawa ukimya huo waweza pia kutokea endapo seva yenyewe haina anwani. Jaribio hili halichukui dakika tano, na huondoa nusu ya mambo ya kushuku.

Umeme husingiziwa

Hitilafu nyingi za aina hii hugunduliwa baada ya umeme kukatika na kurudi. Wakati wa mgawo wa umeme uliozikumba nyumba za Tanzania kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, seva ya nyumbani isiyo na betri ilizimika na kuwaka kila mgawo ulipofika zamu yake. Ni rahisi kuhitimisha kwamba umeme umeiunguza. Mara nyingi sivyo.

Programu husoma faili la mipangilio yake pale inapoanza. Mtu anaweza kulihariri leo, akakosea alama moja, na programu ikaendelea kufanya kazi kwa mipangilio ya zamani wiki tatu nzima. Siku umeme unapokatika na kurudi ndipo faili linaposomwa upya, na ndipo programu inapokataa kuanza. Kosa ni la wiki tatu zilizopita. Umeme umelifichua tu.

Programu ya dhcpd, iliyotengenezwa na taasisi ya ISC na kutumika kwa miaka mingi katika Linux, ni kali kuliko nyingine katika jambo hili. Nukta mkato moja ikikosekana mwishoni mwa mstari, au bano likiachwa wazi, haigawi hata namba moja. Amri ya dhcpd -t hulikagua faili bila kuianzisha huduma, na kwa wanaotumia dnsmasq amri ni dnsmasq --test. ISC iliacha kuihudumia dhcpd mwishoni mwa mwaka 2022 na kuwaelekeza watumiaji kwenye programu yake mpya, Kea, hivyo anayejenga seva leo hana sababu ya kuanza na ile ya zamani. Zilizokwishajengwa, hata hivyo, bado zipo chini ya meza nyingi.

Sababu ya pili inayofichuliwa na umeme ni seva isiyo na anwani yake ya kudumu. Seva haiwezi kujiazima namba yenyewe. Kama kadi yake ya mtandao imeachwa katika hali ya kuomba anwani, huenda zamani ilipewa na ruta. Kisha mwenyewe akazima ugawaji wa ruta, kama inavyotakiwa, na seva ikaendelea na namba aliyoazima hadi ilipozimika. Ikiwaka tena huomba namba kwa mgawaji ambaye hayupo tena, yaani yeye mwenyewe. Seva lazima iandikiwe anwani kwa mkono, nayo iwe nje ya fungu linalogawiwa.

Wakati mwingine anwani ipo, lakini huduma huanza mapema mno. Umeme unaporudi, seva na swichi huwaka kwa pamoja, na programu ikitangulia kabla ya kadi ya mtandao kuwa tayari hukosa mahali pa kusikiliza. Katika hali hiyo dhcpd huandika katika kumbukumbu kwamba haikupangiwa kusikiliza kwenye kadi yoyote, kisha hujifunga. Dalili yake ni kwamba mtu akiianzisha huduma kwa mkono dakika mbili baadaye, inakubali. Dawa ni kuielekeza isubiri mtandao, jambo ambalo matoleo ya sasa ya Linux yanaliruhusu kupitia mipangilio ya systemd.

Jina la kadi nalo huleta mkanganyiko. Miongozo mingi ya zamani huiita eth0. Tangu mwaka 2013 systemd ilileta utaratibu mpya wa majina, na kadi ile ile yaweza kuitwa enp3s0 baada ya mfumo kupandishwa toleo. Faili linaloelekeza seva isikilize kwenye eth0 huwa linaisikiliza kadi isiyokuwepo. Amri ya ip addr huonyesha majina halisi pamoja na anwani, na katika mstari mmoja mtu anaweza kuona makosa mawili.

Na anwani hizo zilingane na fungu. Seva yenye 192.168.1.2 haiwezi kugawa namba za 192.168.0 kwa kadi hiyo, kwa kuwa ni mtandao mwingine, hata kama tofauti ni tarakimu moja ambayo jicho lililochoka huipita.

Kusikiliza waya

Programu ikiwa hai na faili likiwa sahihi, kinachobaki ni kusikiliza. Kwenye Linux amri ya tcpdump -ni enp3s0 port 67 or port 68, jina la kadi likibadilishwa kulingana na mashine, huonyesha kila neno linalopita. Mtu huiacha ikifanya kazi, kisha huzima na kuwasha Wi-Fi ya simu.

Mbiu isipoonekana kabisa, haijafika kwa seva. Wenye kulaumiwa hapo ni waya, swichi, au ruta ya Wi-Fi iliyowekewa mpangilio wa kuwatenga wageni, ambao huwazuia wasiwasiliane na mashine nyingine za nyumbani. Mpangilio huo ni mzuri kwa usalama, ila seva ya anwani ikiwa upande wa pili wa ukuta, mgeni hapati kitu.

Mbiu ikionekana na ahadi isitoke, kosa ni la seva. Hapa upo mtego unaowapotosha hata mafundi. Tcpdump huuona ujumbe kabla ukuta wa ulinzi wa Linux haujauzuia, kwa hiyo kuonekana kwake kwenye skrini si ushahidi kwamba programu imeupokea. Ushahidi umo katika kumbukumbu za programu yenyewe, zinazosomwa kwa amri ya journalctl. Dnsmasq hupokea ujumbe kwa njia ya kawaida, hivyo ukuta uliofungwa mlango wa 67 huinyamazisha kabisa. Dhcpd ya ISC hupokea kwa njia inayoupita ukuta huo. Mtu aliyehama kutoka dhcpd kwenda dnsmasq bila kugusa ulinzi wake anaweza kukuta seva imekuwa kiziwi.

Huenda pia seva inasikia lakini haina cha kutoa. Fungu linaloanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149 lina anwani 50. Kwa familia ya watu sita zinatosha. Kwa nyumba inayopokea wageni wa kulala, ambayo seva yake imewekewa muda wa kuazima wa siku nane, hazitoshi: mgeni aliyeondoka Jumatatu bado anashikilia namba yake hadi wiki inayofuata. Kumbukumbu za dhcpd husema wazi kwamba hakuna anwani iliyo huru. Kupunguza muda hadi saa chache hutibu tatizo hili vizuri kuliko kupanua fungu.

Ugumu huo umeongezwa na simu zenyewe. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu huficha namba ya kudumu ya kifaa na kuonyesha ya kubuni. Hatua hiyo ni njema kwa faragha ya mtumiaji. Lakini seva iliyoagizwa kumpa anwani yule tu mwenye namba iliyoandikwa kwenye orodha yake haitamtambua mama mwenye nyumba pindi simu yake ikibadilisha sura. Mpangilio huo huzimwa kwenye simu, kwa mtandao wa nyumbani peke yake.

Hali ya tatu ni ya ahadi kutolewa na kutoombwa. Mara nyingi ina maana kwamba mashine imepokea ahadi nyingine kutoka kwa mgawaji mwingine na kuichagua hiyo. Mkataba hauipi seva moja njia ya kuinyamazisha nyingine. Mgawaji huyo wa pili, katika nyumba za kawaida, ni ruta ya zamani iliyochomekwa sebuleni ili kuifikisha Wi-Fi vyumba vya nyuma. Ruta hiyo nayo ilizaliwa kugawa anwani, na hakuna aliyeiambia iache. Nusu ya nyumba hupata 192.168.1, nusu hupata 192.168.0, na kila siku mgawanyiko hubadilika kulingana na nani amejibu haraka. Dawa ni kuingia katika ukurasa wa mipangilio wa ruta hiyo na kuzima DHCP, kisha kuichomeka kwa tundu la kawaida badala ya lile la kuingizia intaneti.

Mgawaji asiyejulikana hastahili kuachwa hata kama intaneti inafunguka. Anayetoa anwani ndiye pia anayeiambia kompyuta ni seva gani ya kuuliza majina ya tovuti, hivyo anaweza kuipeleka benki ya uongo ikidhani imefika benki ya kweli. Programu haribifu ya DNSChanger, ambayo shirika la upelelezi la Marekani FBI lilitangaza kuizima Novemba 2011 baada ya kuathiri kompyuta zaidi ya milioni nne katika nchi zaidi ya 100, ilibadili maelekezo hayo kwenye kompyuta na kujaribu kuyabadili ndani ya ruta za nyumbani pia.

Lipo jambo la saa. Raspberry Pi za kabla ya toleo la tano la mwaka 2023 hazina saa ya ndani inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Huuliza muda kwenye intaneti zikishawaka. Intaneti ikichelewa, seva huamka ikiamini ni siku iliyopita, na hesabu yake ya mikopo iliyokwisha na isiyokwisha huvurugika. Kuangalia tarehe kwa amri ya date ni kazi ya sekunde moja.

Baada ya marekebisho, mashine zinazosubiri haziachwi zijiamulie. Kwenye Windows huandikwa ipconfig /release kisha ipconfig /renew. Kwenye simu inatosha kuzima Wi-Fi na kuiwasha. Ipconfig /all nayo ina mstari unaotaja anwani ya seva ya DHCP iliyojibu. Ikisomeka 192.168.1.2, ni ile ya nyumbani. Ikisomeka namba nyingine, itafutwe ruta ya sebuleni.